DLC na bei ya gemu: maswali tunayoulizwa kaunta, Nakuru

Tunauza na kubadilisha CD za PS4 na PS5 hapa mjini. Wateja wetu wanatoka Section 58, Kaptembwo, Free Area, hadi Njoro na Gilgil, na wengine hutuandikia kutoka Kisumu na Kakamega. Siku hizi maswali kuhusu DLC, yaani nyongeza za gemu zinazopakuliwa, yamezidi maswali kuhusu gemu zenyewe, kwa hivyo tumeyakusanya hapa. Bei za dola tumezigeuza kwa sh. 130 kwa dola moja. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikaribia sh. 160, na kila nyongeza ikapanda bei hapa kwetu ingawa huko ilikotoka haikuguswa.

Nimelipa zaidi ya elfu tisa. Mbona gemu bado inaniomba pesa?

Kampuni zitakwambia hivi: tangu enzi za Xbox 360 na PS3, gemu kubwa iliuzwa dola 59.99, na bei hiyo ikakaa palepale karibu miaka 15. Wakati huo wote gharama ya kuitengeneza ilikuwa ikipanda. Timu zimekuwa za mamia ya watu, kazi ni ya miaka minne au mitano, na mishahara inalipwa kila mwezi gemu ikiwa haijaingiza hata senti. Nyongeza za kulipia ndizo zilizoziba pengo hilo.

Hoja hiyo ina ukweli, ila haijasema yote. Wanunuzi nao wameongezeka mara nyingi, na gemu inayopakuliwa haina kava, CD wala lori la kuisafirisha. Halafu angalia kilichotokea bei ilipopanda. Mwaka 2020 NBA 2K21 ya PS5 na Xbox mpya ilitoka kwa dola 69.99, yaani kama sh. 9,100, na kampuni nyingine zikafuata. Kama DLC zilikuwa za kuziba pengo, zingepungua. Gemu hiyohiyo iliyoongoza kupandisha bei iliendelea kuuza VC, zile pesa za ndani za kumpandisha mchezaji wako kiwango. Mwaka 2025 Nintendo walitoa Mario Kart World kwa dola 79.99.

Sisi hatupingi DLC kulipiwa. Kazi ya mtu ilipwe. Tunachouliza kuhusu kila gemu ni kimoja: DLC hii isingetengenezwa kabisa, je, CD uliyonunua ingekuwa gemu kamili? Ikiwa ndiyo, basi lipa ukitaka au acha. Ikiwa la, umeuziwa gemu moja mara mbili.

Hii biashara ilianzia wapi?

Nyongeza zilikuwepo zamani. Waliokuwa na kompyuta miaka ya tisini wanaikumbuka StarCraft: Brood War ya 1998, iliyouzwa kwenye boksi lake na kuongeza kampeni nzima. Kuuza vipande vidogo vidogo kulikuja intaneti ilipoingia kwenye konsoli.

Kinachotajwa kila mara ni vazi la chuma la farasi. Aprili 2006, Bethesda walitoa DLC ya The Elder Scrolls IV: Oblivion iliyomvisha farasi wako vazi hilo, kwa dola 2.50, kama sh. 325. Watu walicheka, wakakasirika, na wengi wao wakanunua. Kampuni nyingine zote zilikuwa zinatazama. Mwaka uliofuata Bethesda haohao walitoa Shivering Isles kwa dola 30, na hiyo ilikuwa na nchi nzima ya kuzunguka. Kwa hiyo kampuni moja, kwenye gemu moja, ilitoa mfano mzuri na mfano mbaya ndani ya mwaka mmoja. Oblivion iliporudi 2025 ikiwa imepambwa upya, toleo la bei ya juu lilikuja na vazi jipya la farasi. Sasa limekuwa mzaha, na bado ni la kulipia.

Ni DLC gani mnaona inafaa pesa yake?

Zile kubwa zinazokuja baada ya gemu kukamilika. The Witcher 3 ya CD Projekt Red, kampuni ya Poland, ilitoka 2015 na kuwapa wanunuzi nyongeza ndogo 16 bila malipo: mavazi, kazi fupi fupi, mitindo ya nywele. Kisha wakauza mbili tu, Hearts of Stone kwa dola 9.99 na Blood and Wine kwa dola 19.99. Hiyo ya pili ina eneo jipya zima, na mwaka 2016 ilishinda tuzo ya RPG bora (gemu za kuigiza mhusika na kumkuza) kwenye The Game Awards ingawa ni nyongeza. Kama sh. 2,600 kwa kitu kama hicho, hatuna la kulalamika.

Shadow of the Erdtree ya Elden Ring ilitoka Juni 2024 kwa dola 39.99, kama sh. 5,200. Ni pesa nyingi kwa nyongeza. Lakini Elden Ring yenyewe ilikuwa imejaa tangu 2022, na hakuna aliyeimaliza akahisi kuna kitu kimekatwa. Angalizo kwa wanaoanza: huwezi kuingia kwenye nyongeza hiyo kabla ya kuwashinda Radahn na Mohg. Kuna watu wanainunua pamoja na gemu siku ya kwanza, na miezi mitatu baadaye bado wanahangaika na mabosi wa mwanzo. Nunua ukishafika mlangoni.

Angalia pia inachezwa kwenye mashine gani. Wateja wetu wengi wana PS4. Cyberpunk 2077 inacheza kwenye PS4, lakini Phantom Liberty ya 2023 haimo. Horizon Forbidden West vilevile: gemu ipo PS4, Burning Shores haipo. Mtu aliyenunua gemu kwa pesa kamili akafungiwa nje ya mwendelezo ana haki ya kununa.

Na ile DLC inayotoka siku moja na gemu?

Hapa ndipo tunabishana hata sisi kwa sisi kaunta. Machi 2012, Mass Effect 3 ilitoka pamoja na From Ashes, dola 10, iliyokuwa na Javik, mtu wa kabila linalobeba siri kubwa ya hadithi nzima. Wachezaji waliona ametolewa ndani ya gemu ili auzwe pembeni.

Utetezi wa watengenezaji si wa kupuuzwa. Gemu ikishapelekwa kukaguliwa na kuchapwa kwenye CD, wachoraji na waandishi wanabaki wiki kadhaa bila kazi ya gemu hiyo. Wanaanza nyongeza, na nyongeza haihitaji kuchapwa, kwa hiyo inafika sokoni siku moja na CD. Tunakubali. Tunachokataa ni kuchagua, kati ya vitu vyote, mhusika anayeibeba hadithi.

Yapo yasiyo na utetezi. Mwaka huohuo Capcom walitoa Street Fighter X Tekken ikiwa na wapiganaji 12 ambao tayari walikuwa kwenye CD, wamefungwa, ukilipa wanafunguliwa. Walieleza kwamba ni ili aliyenunua na asiyenunua waweze kucheza pamoja. Sawa, lakini CD iko mkononi mwangu. Na Asura's Wrath, ya Capcom pia, mwisho halisi wa hadithi uliuzwa kama DLC. Huo mwisho ndio ulioulipia uliponunua gemu.

Mwanangu anataka FC Points. Nimtumie?

Mzazi, jibu letu ni hapana. Tunalieleza kwa urefu kwa sababu hili ndilo linalomaliza pesa majumbani.

FC, gemu ya kandanda ya kampuni ya EA iliyokuwa ikiitwa FIFA hadi 2023, ni ya bei kamili. Ndani yake kuna Ultimate Team, ambapo kikosi kinajengwa kwa kadi za wachezaji, na kadi zinatoka kwenye pakiti. Pakiti unazipata kwa kucheza sana au kwa kulipa Points, pesa za ndani zinazonunuliwa kwa pesa halisi. Kwa pakiti nyingi, unapolipa hujui utampata nani. Asilimia za kumpata mchezaji mkubwa zimeandikwa, na ukizisoma utaona ni ndogo sana. Ni mkeka wa Jumamosi, isipokuwa mkeka ukishinda unalipwa pesa, na huku ukishinda unapewa picha ya Mbappé.

Halafu gemu mpya inakuja kila mwaka karibu na Septemba, na kikosi chako hakihami nayo. Kinabaki kwenye gemu ya mwaka jana, ambayo marafiki zake wote wameshaiacha. Kama mtoto alitumia sh. 3,000 mwaka huu, mwaka ujao anaanza sifuri.

Serikali nyingine zimelishughulikia. Aprili 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilisema masanduku ya bahati ya aina hii ni kamari, na Januari 2019 EA wakaacha kuuza Points nchini humo. Uholanzi walijaribu kuitoza EA faini ya euro milioni 10, lakini mahakama yao ya juu ya utawala ikaifuta mwaka 2022. Kwa hiyo si kila sheria inaliona jambo hili kwa jicho moja.

Wachezaji wenyewe waliwahi kushinda. Star Wars Battlefront II ya 2017 ilikuwa na masanduku yaliyompa mwenye pesa nguvu zaidi, na mashujaa kama Darth Vader walihitaji saa nyingi sana za kucheza ili kufunguliwa. EA walipojitetea kwenye mtandao wa Reddit, jibu lao lilipigiwa kura za kulikataa zaidi ya 600,000, likaingia kitabu cha rekodi cha Guinness. Usiku wa kuamkia siku ya kutoka, ununuzi ukazimwa.

Nyumbani, mfungulie mtoto akaunti ya mtoto chini ya yako na weka kikomo cha matumizi cha mwezi kuwa sifuri. Washa pia kudai nenosiri kila unapolipa. Na usiache kadi imehifadhiwa kwenye konsoli ya sebuleni. Anaweza kuicheza FC bila Points mwaka mzima: sehemu za Kick Off na Career hazidai kitu.

Deluxe Edition na season pass je?

Season pass ni kulipia mapema DLC ambazo bado hazijatoka, na Deluxe Edition ni gemu pamoja na ziada. Usinunue kabla ya kuona kilichomo. Season pass ya Batman: Arkham Knight mwaka 2015 iliuzwa dola 40 wakati maelezo yake yalikuwa mistari michache tu. Kama toleo la Deluxe linakupa mavazi na "siku tatu za kucheza mapema", unalipia papara yako.

Nikinunua CD ya mtumba, DLC zinakuja nayo?

Hapana. DLC hukaa kwenye akaunti ya aliyeinunua, haiko kwenye CD. Ile karatasi ya msimbo ndani ya kava hutumika mara moja, na mwenye CD wa kwanza ameshaitumia. Matoleo ya Complete au Game of the Year ndiyo afadhali, lakini tuulize kwanza: mengine DLC zimechapwa kwenye CD, mengine ni karatasi ya msimbo tena. The Witcher 3 Game of the Year ya PS4 na Horizon Zero Dawn Complete Edition zina kila kitu kwenye CD, na ndiyo maana mtumba wake haukai rafuni.

Nimenunua DLC, pesa imekatwa, lakini gemu haiioni. Nimetapeliwa?

Karibu kila mara tatizo ni eneo, na hapa Kenya linatuuma kuliko kwingine. PlayStation Store haina duka la Kenya. Kwa hiyo kila mtu amefungua akaunti ya kwingine: Marekani, Uingereza, Afrika Kusini, Falme za Kiarabu. CD nazo zinaingia nchini kwa njia zake, nyingi kupitia Dubai.

Sasa, DLC ya duka la Marekani inafanya kazi na CD ya Marekani. CD yako ikiwa ya Ulaya, gemu itakwambia hakuna kitu. Kabla ya kulipa, geuza kava utazame alama ya umri: ikiwa ESRB, hiyo ni CD ya Marekani, ikiwa PEGI, ni ya Ulaya. Kisha ulinganishe na akaunti yako. Ikiwa hazipatani, fungua akaunti nyingine ya eneo la CD kwenye konsoli hiyohiyo na ununulie DLC huko. Kwa kawaida ukiifanya konsoli kuwa ya msingi kwa akaunti hiyo, akaunti yako ya kila siku itaiona.

Kadi za zawadi zina sheria hiyohiyo. Kadi ya dola haiingii kwenye akaunti ya Uingereza.

Nitalipaje na nina M-Pesa tu?

Tangu 2022 M-Pesa ina GlobalPay, kadi ya Visa ya kwenye simu, na Steam, duka la gemu za kompyuta, inafaa nayo vizuri kwa sababu Steam inaikubali Kenya na bei zake kwetu ni za dola. Kwa akaunti ya PlayStation ya Marekani, kadi ya Kenya mara nyingi hukataliwa, kwa hiyo watu hutumia kadi za zawadi. Zinunue kwa muuzaji unayemjua. Msimbo wa nusu bei kwenye kikundi cha Telegram mara nyingi umenunuliwa kwa kadi ya mtu aliyeibiwa, na siku duka likigundua, akaunti yako ndiyo inayofungwa.

Jambo moja zaidi: sheria ya Kenya inataka VAT ya asilimia 16 kwenye bidhaa za kidijitali zinazouzwa na kampuni za nje. Soma jumla ya mwisho, usisome bei ya kwenye picha.

DLC ikinichosha, narudishiwa pesa?

Steam: ndani ya siku 14 tangu kuinunua, mradi hujaicheza gemu yenyewe saa mbili tangu siku hiyo, na DLC si ya kutumika ikaisha. PlayStation: siku 14 pia, lakini ukianza tu kuipakua, basi. Ukitumia PlayStation, zima upakuaji wa moja kwa moja kabla ya kununua, ujipe nafasi ya kubadili nia.

Nina kibanda cha gemu Kondele, Kisumu. Wateja wanadai mpiganaji Homelander kwenye Mortal Kombat 1. Ninunue?

Piga hesabu kwanza. Kombat Pack, nyongeza yenye Homelander, Omni-Man na Peacemaker ilitoka kwa dola 39.99. Ukitoza sh. 20 kwa mechi, ni mechi 260 kabla hujarudisha pesa ya nyongeza peke yake, umeme na pedi zilizovunjika hatujavitia. Na ni kwa konsoli moja: akaunti moja inashirikishwa kwenye PS5 moja tu, kwa hiyo mashine nne ni manunuzi manne. Kumbuka pia leseni ya gemu hizi ni ya mtu binafsi, si ya biashara. Vibanda vyote vinaishi na hilo, lakini ulijue.

Ushauri wetu: Mortal Kombat 11 Ultimate. Inacheza kwenye PS4, ina wapiganaji wote wa nyongeza ndani, na bei yake imeshuka sana. Tekken 8 tuliipenda ilipotoka Januari 2024, wapiganaji 32 kwa bei kamili. Mwezi uliofuata wakafungua duka la mavazi ndani ya gemu, baada ya watu kuandika sifa na kulipa. Wangelitangaza kabla, tungenyamaza.

Si kuna njia ya kuzipata bure?

Za kuchip, yaani kuichezea konsoli ili isome gemu za wizi, hatufanyi. Bure halali zipo: No Man's Sky imekuwa ikiongezwa tangu 2016 bila kudai shilingi, na Stardew Valley, kazi ya mtu mmoja aitwaye Eric Barone, iliongezwa tena mwaka 2024 kwa wote walioinunua. Hiyo ni gemu ya dola 15. Ukiona anayetoza dola 70 akilia kwamba lazima auze kofia, mkumbuke huyo.

Nikishalipa, ni yangu milele?

Unanunua ruhusa ya kutumia. Machi 2024 Ubisoft walizima seva za The Crew, gemu ya 2014, na hata wenye CD hawakuweza kuicheza tena peke yao. Nyongeza zake zikazama nayo. Tangu Januari 2025 sheria ya California inalazimisha maduka kusema wazi kwamba unauziwa leseni. Kwa sababu hiyo, DLC ya gemu inayodai intaneti muda wote tunaipa thamani ndogo kuliko DLC unayoweza kuicheza ukiwa nje ya mtandao, bando likiisha au stima zikirudi lakini Wi-Fi haijarudi.

Basi nilipe lini?

Subiri mwaka. Hiyo ndiyo nguvu pekee ambayo mnunuzi wa Nakuru anayo mbele ya kampuni ya Tokyo au California, na inafanya kazi. The Witcher 3 na nyongeza zake zote hushuka kwenye ofa hadi chini ya dola 15. Gemu nyingi za hadithi hupata toleo kamili baada ya mwaka mmoja au miwili, likiwa limeshatengenezwa hitilafu ambazo mnunuzi wa siku ya kwanza alizivumilia. Wanaopima bei kwa saa za kucheza hatukubaliani nao: ni rahisi kurefusha gemu kwa kukutuma uokote manyoya mia moja. Kinachoumia kwa kusubiri ni gemu za mtandaoni, ambazo marafiki wako wote wako humo sasa. Hizo nunua mapema, na nunua gemu tupu.

Nianze kuweka akiba ya GTA VI na DLC zake?

Weka ya gemu tu. GTA IV ilikuwa na nyongeza mbili za hadithi mwaka 2009, The Lost and Damned na The Ballad of Gay Tony, dola 20 kila moja, na zote mbili zilikuwa na uzito. GTA V ya 2013 haikupata hata moja. Pesa ilipatikana GTA Online, sehemu yake ya mtandaoni, kwa Shark Cards, kadi za kununua pesa za ndani ya gemu, na kampuni ikaona hapo panalipa kuliko kuandika hadithi mpya. Hatuoni kwa nini wabadilike. Tutapokea majina ya wanaotaka CD itakapokaribia, na hatutapokea malipo ya nyongeza yoyote ambayo hatujaiona.